Mizani ya Hadithi na Ngumi katika Filamu za Kichina: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi na Mwongozaji

Kwa Kichina, onyesho la watu wanaozungumza huitwa wenxi, na onyesho la watu wanaopigana huitwa wuxi. Maneno haya yalizaliwa kwenye jukwaa la opera kabla kamera haijafika, na silabi yao ya mwisho ni moja: xi, yaani mchezo wa kuigiza. Sammo Hung na Jackie Chan walilelewa katika shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen huko Hong Kong, na Yuen Woo-ping, aliyesanifu mapigano ya filamu kadhaa nitakazozitaja hapa, ni mtoto wa mwigizaji wa opera. Watu hawa walikua wakijua kwamba mwigizaji akinyamaza na kuchukua mkuki, hadithi inaendelea kusimuliwa, ila sasa inasimuliwa kwa mwili.

Nimeanzia huko kwa sababu waandishi chipukizi wanaozipenda filamu hizi huuliza swali lililokaa upande: ziwe dakika ngapi za mazungumzo na ngapi za mapigano? Hakuna idadi inayofaa kila filamu, na anayehesabu dakika huishia na filamu mbili zilizoshonwa pamoja, moja ya kuongea na moja ya kurusha mateke, kila moja ikiisubiri mwenzake imalize. Kinachopimwa ni mabadiliko. Baada ya onyesho hili, liwe la maneno au la ngumi, ni kitu gani hakiwezi tena kurudi kilivyokuwa? Mwongozo huu unalifuata swali hilo kutoka kwenye karatasi tupu hadi kwenye meza ya uhariri, na mifano yake yote inatoka Hong Kong, China bara na Taiwan, katika filamu za kuanzia mwaka 2000.

Hatua ya kwanza: andika hadithi nzima bila pigo hata moja

Chukua kurasa tatu au nne uandike nani anataka nini, nani anamdai nani, na nani amemficha mwenzake jambo gani. Usitaje ngumi wala panga. Utakapofika mahali ambapo mtu hawezi tena kumjibu mwenzake kwa maneno, kwa sababu ya heshima, aibu au kiapo, au kwa sababu neno litakalofuata litavunja undugu, weka alama ya wino mwekundu. Pambano litakaa hapo. Likiwekwa mahali pengine, litakuwa la kujaza nafasi.

Jaribu zoezi hili kwa Twilight of the Warriors: Walled In ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Soi Cheang. Ukiondoa mateke yote ya msanifu Kenji Tanigaki, bado unabaki na kisa cha kijana mkimbizi anayeangukia katika mtaa wa Kowloon Walled City, akapokewa na mkubwa wa mtaa ambaye pia ni kinyozi, akapata kazi, chakula na mahali pa kulala, kisha ikafichuka kwamba kijana huyo ni mtoto wa mtu aliyeiangamiza familia ya rafiki wa kinyozi yule yule. Rafiki anadai kisasi chake. Kinyozi ana deni kwa rafiki na ana mapenzi ya mzazi kwa kijana, na hakuna sentensi itakayoridhisha pande zote mbili. Mapigano ya filamu ile yanapendeza macho, lakini yanauma kwa sababu ya deni hilo.

Alama zikishawekwa, fanya kinyume chake: funika kila pambano kwa mkono na usome onyesho linalofuata. Kama linaeleweka vizuri bila pambano lile, lifute au ulipe kazi nyingine. Mimi nimewahi kufuta pambano nililolipenda kuliko yote katika muswada mmoja kwa sababu ya jaribio hili, na muswada ukasimama vizuri zaidi siku ile ile.

Hatua ya pili: kila pambano lipewe swali lake

Swali hilo lisiwe "nani atashinda?" Watazamaji wetu wa vibanda umiza wanalijua jibu tangu filamu inaanza, ndiyo maana wanasema steringi hafi. Taharuki inayotegemea ushindi peke yake ni dhaifu. Tafuta swali ambalo mshindi mwenyewe anaweza kuliogopa.

Katika The Grandmaster ya Wong Kar-wai (2013), Ip Man, mwalimu wa kung fu, na Gong Er, binti wa mwalimu mwenzake, wanapambana ndani ya jumba la starehe lililojaa vioo na mbao za kuchonga, na Ip Man anaweka sharti: kitu chochote kikivunjika, yeye ndiye aliyeshindwa. Sharti hilo linageuza kila hatua kuwa ya kujizuia. Mikono inapishana, nyuso zinakaribiana mpaka pumzi zao zinakutana, na mtazamaji anatambua kwamba kinachoulizwa ni kama watu hawa wawili, mmoja wao akiwa na mke nyumbani, wanaweza kukaribiana hivyo bila kitu kuvunjika. Mwishoni ubao wa ngazi unavunjika chini ya mguu wa Ip Man. Mshindi ni Gong Er, na hakuna aliyetamka neno la mapenzi.

Mfano wa pili ni pambano la ukumbi wa mazoezi katika Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee (2000). Shu Lien, anayeigizwa na Michelle Yeoh, anapambana na binti Jen, anayeigizwa na Zhang Ziyi, wanawake ambao muda mfupi uliopita walikuwa wakiitana dada. Jen ana upanga unaokata kila chuma. Shu Lien anachukua silaha moja baada ya nyingine kutoka ukutani, na kila moja inakatwa. Kuna moja nzito kiasi kwamba inamshinda kuitumia, na kicheko kidogo kinapita hapo katikati ya hasira. Swali la pambano ni hili: ustadi wa Jen ni wake, au ni wa upanga? Jibu linakuja pale Shu Lien, akiwa na kipande tu cha silaha iliyovunjika, anapokifikisha kwenye shingo ya Jen na kukizuia. Jen anaitumia huruma hiyo kumjeruhi mkono. Tumeshajua, bila kuambiwa, nani amekomaa na nani bado.

Andika swali la kila pambano katika sentensi moja juu ya ukurasa wake. Ukishindwa kuliandika, msanifu wa mapigano naye hatalijua, na atakupa mateke mazuri yasiyosema kitu.

Hatua ya tatu: panga mapigano kwa gharama, usiyapange kwa ukubwa

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na mwalimu wake ni Ip Man, filamu ya mwaka 2008 kuhusu mwalimu yule yule, iliyoongozwa na Wilson Yip, mapigano yakiwa yamesanifiwa na Sammo Hung. Itazame mara moja kwa ajili ya kufurahi, halafu itazame tena ukiwa na kalamu.

Pambano la kwanza la Ip Man linaanza mezani. Bwana Liao anakuja kumpa changamoto wakati familia inakula. Ip Man anamkaribisha chakula, kisha wanakunywa chai, ndipo milango inafungwa na wanapigana kwa siri. Gharama yake ni ndogo, ni fahari ya mtu mmoja tu, na hata hiyo inalindwa kwa mlango uliofungwa. Inavuja baadaye kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa akitafuta tiara yake alichungulia.

Pambano la pili ni dhidi ya mbabe kutoka kaskazini aliyekwishawashinda walimu wa mji wa Foshan. Linafanyika sebuleni, na vyombo vya mama mwenye nyumba vinapasuka kimoja kimoja. Katikati ya vurugu mtoto mdogo wa Ip Man anaingia na baiskeli yake ya magurudumu matatu kupeleka ujumbe: mama amesema baba asipojibu mapigo, vitu vyote vya nyumbani vitavunjika. Ip Man anachukua ufagio wa manyoya wa kufutia vumbi na kumfundisha mgeni adabu kwa huo. Tunacheka. Lakini tazama kilichofanyika kwa kicheko hicho: tumejifunza kwamba mtu huyu ana ndoa yenye mvutano, ana mtoto, ana nyumba nzuri, na kwamba anapopigana hataki kumuumiza mtu.

Kisha Wajapani wanaingia Foshan, nyumba inachukuliwa, na mapigano yanakuwa ya kugombea mfuko wa mchele. Bwana Liao, yule yule wa mezani, anauawa mbele ya macho ya Ip Man, naye anadai kupambana na watu kumi kwa pamoja. Safari hii anavunja mikono na miguu. Mtazamaji anashtuka kwa sababu amekwishauona upole wa mikono hiyo ikiwa na ufagio wa manyoya. Mwandishi angeanza na watu kumi, tungeona ustadi tu. Kwa kuwa ameanza na chai, tunaona mtu mwema akipoteza kitu ndani yake.

Kwa hiyo chora ngazi. Pembeni ya kila pambano andika kinachoweza kupotea: fahari, chombo cha nyumbani, riziki, rafiki, utu. Hakikisha kila ngazi inadai zaidi ya iliyotangulia, hata kama idadi ya maadui inapungua. Pambano la mwisho linaweza kuwa la watu wawili katika chumba kidogo, mradi gharama yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Hatua ya nne: mahali na silaha viseme

Uwanja mtupu haumsaidii mwandishi. Katika Ip Man 3 (2015), Ip Man yuko ndani ya lifti na mke wake mgonjwa, na mpiganaji wa ndondi za Kithai anaingia. Chumba hicho kina upana wa hatua mbili. Mume anapigana huku akiukinga mwili wa mkewe kwenye kona, na kila pigo analolipangua ni pigo ambalo lingempata mkewe. Kisha pambano linahamia kwenye ngazi, likishuka, na mke anashuka peke yake katika lifti. Lifti ile inabeba maudhui yote ya filamu: mtu anayeweza kumkinga mkewe dhidi ya kila adui isipokuwa ugonjwa wake.

Silaha nazo zina lugha. Katika SPL (2005), Donnie Yen ana kirungu cha polisi na Wu Jing ana kisu kifupi, katika kichochoro chembamba usiku. Kirungu kimetengenezwa kwa kumzuia mtu na kisu kimetengenezwa kwa kumwua, na muuaji huyo, ambaye hazungumzi sana, tayari amewaangamiza askari wenzake na huyo polisi. Hakuna maelezo yanayohitajika.

Hatua ya tano: maonyesho ya maneno yaandikwe kama mapigano

Mizani huharibika mara nyingi upande wa mazungumzo. Mwandishi hutia bidii yote kwenye ngumi, halafu wahusika wanapokaa kitako wanaelezana mambo wanayoyajua tayari. Onyesho la maneno linahitaji kushambulia, kukwepa, kulaghai na kurudi nyuma, kama pambano. Lile la Bwana Liao mezani ni mfano mzuri: mgeni anataka kupigana, mwenyeji anamjibu kwa ukarimu, na kila bakuli linaloongezwa ni pigo la adabu ambalo mgeni hawezi kulirudisha. Mke amekasirika na hasemi. Ngumi zinapoanza, pambano lina dakika kadhaa tangu lilipoanza.

Hatua ya sita: pima mwendo wa filamu nzima

Chukua karatasi ndefu, piga mstari mmoja unaowakilisha filamu yote, na weka alama mahali kila pambano lilipo. Ukitazama filamu za Kichina kwa njia hii utakuta miundo isiyofanana kabisa. Crouching Tiger inakaa kama robo saa katika mazungumzo ya watu wazima, ya upanga, kustaafu na mapenzi yasiyosemwa, kabla ya mwizi kuruka juu ya mapaa na ngoma za Tan Dun kuanza. Subira hiyo inaufanya mruko wa kwanza uwe kama pumzi iliyobanwa muda mrefu.

Bodyguards and Assassins ya Teddy Chan (2009) imethubutu zaidi. Nusu yake ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni maisha ya watu wa Hong Kong ya mwaka 1906: mfanyabiashara anayegharamia mapinduzi kwa siri, mvuta riksho anayetaka kuoa, polisi mcheza kamari ambaye mtoto wake analelewa na mwanamume mwingine. Nusu ya pili ni mbio za kumlinda Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi hayo, barabarani, na karibu kila tuliyemjua anakufa. Kila anapokufa mmoja wao, jina lake na miaka ya uhai wake vinaandikwa kwenye kioo. Maandishi yale yangekuwa mapambo matupu kama saa ya kwanza haingetumika kuwapa watu hao majina mioyoni mwetu. Wapo wanaolalamika kwamba filamu hiyo inachelewa kuanza. Mimi naona imeanza mapema sana, tangu mvuta riksho anapotabasamu.

Chagua muundo mmoja na uufuate kwa uaminifu. Jambo la kuepuka ni mapigano yaliyopangwa kwa umbali sawa kama nguzo za umeme, maana mtazamaji huizoea hesabu hiyo na kuanza kuyapuuza maneno yaliyo katikati.

Hatua ya saba: kaa na msanifu wa mapigano mapema

Ni desturi ya Hong Kong kwamba msanifu wa mapigano huja na kikosi chake, huchagua mahali pa kamera, na wakati wa ngumi yeye ndiye mwongozaji. Desturi hii imeleta ubora mkubwa, na inaweza pia kuipasua filamu vipande viwili iwapo mwongozaji atamwachia uwanja bila maelezo. Mpe ukurasa mmoja kwa kila pambano wenye mambo manne: hali ya kila mpiganaji anapoingia, swali la pambano, mahali linapogeuka, na hali yao wanapotoka. Usimwandikie orodha ya mateke, kwa kuwa hiyo ni kazi yake na anaiweza kuliko wewe. Muombe pia akuambie ni wapi uso wa mwigizaji lazima uonekane, ili usimweke mtu wa kuigiza hatari badala yake katika sekunde ambayo uamuzi wa moyo unafanyika.

Hatua ya nane: kwenye uhariri, linda kituo

Opera iliwafundisha wasanifu hawa mwendo wa kasi na kituo: mapigo matatu au manne ya haraka, kisha miili inaganda, kisha kasi tena. Kituo ndicho kinachompa mtazamaji nafasi ya kusoma uso. Katika Hero ya Zhang Yimou (2002), watu wawili wanasimama katika ua wa mvua wakiwa wamefumba macho, mzee anapiga kinanda cha nyuzi kiitwacho guqin, na pambano linapiganwa ndani ya mawazo yao mpaka muziki unapokatika. Mhariri mwenye papara angeyafupisha maji yale yanayodondoka kwenye mapaa, na pambano zima lingepotea.

Kisha fanya jaribio la msimulizi. Wengi wetu katika Afrika Mashariki tulizifahamu filamu za kung fu kupitia wasimulizi wa vibanda vya video, waliokaa na kipaza sauti wakitueleza kwa Kiswahili nani ni nani na ana kisa gani. Zima sauti ya pambano lako, mwite mtu asiyeujua muswada, umwombe alisimulie kwa sauti linavyoendelea. Akiwa na la kusema zaidi ya "akampiga, naye akampiga", akianza kusema "hapa anamwonea huruma", "hapa ameshatambua kwamba amedanganywa", basi hadithi imo ndani ya ngumi. Akikwama, usiongeze mazungumzo kabla ya pambano ili kufidia. Rudi kwenye swali la hatua ya pili.

Hatua ya tisa: mpe mtazamaji kinachofuata baada ya pambano

Waandishi wengi huliacha pambano mara tu adui anapoanguka, na hapo ndipo wanapopoteza kila walichokijenga. Katika Fearless ya mwaka 2006, Jet Li akiwa Huo Yuanjia anamwua mwalimu Qin katika mgahawa, kwa hasira ya kiburi. Anarudi nyumbani akiwa mshindi na kukuta mama yake na binti yake wameuawa kwa kisasi, kisha anagundua kwamba ugomvi wote ulitokana na kosa la mwanafunzi wake mwenyewe. Filamu hairukii pambano lingine. Inampeleka kijijini, kwa bibi mmoja na msichana kipofu, kupanda mpunga.

Anapanda kwa mashindano, haraka kuliko wote, akiibana miche pamoja, na usiku msichana yule anairudia kazi yake mche kwa mche. Upepo unapovuma, wanakijiji wote wananyoosha migongo na kusimama, nyuso zao zikiuelekea, na yeye peke yake anaendelea kuinama. Miezi inapita. Siku moja upepo unavuma, naye anasimama kama wenzake. Hakuna ngumi katika sehemu hiyo, lakini mapigano yote yanayofuata, ambayo sasa anapigana akijizuia asiue, yanategemea mgongo ule ulionyooka shambani. Pambano kubwa katika muswada wako lipewe angalau kurasa mbili za namna hii mara baada yake, kabla mtu mwingine yeyote hajainua mkono.